Madame wa Kwenye Beseni

Juzi mtoto wangu alijikata kidole kwa wembe, nikaenda famasi kununua alkoli. Nilipofungua tu kile kichupa, harufu ikanipanda puani, na badala ya kumwonea mtoto huruma nikajikuta nimekasirika. Mume wangu akaniuliza kuna nini. Ningemwambia nini? Kwa watu wengine alkoli inanuka hospitali. Kwangu mimi inanuka nyumba yetu ya mtaa wa Kimemi, kabati la sahani lisilo na sahani hata moja, na mgongo wa mama yangu aliyeinamia meza ya chakula huku sisi wengine tukila tumekaa chini, sahani magotini.

Wenzangu mliokulia Butembo, mama zenu walikuwa na kazi za kueleweka. Wa jirani yetu aliuza vitenge. Wa rafiki yangu alikuwa na duka la mawese na sabuni. Mwalimu akiuliza mama yako anafanya nini, unajibu kwa neno moja, unakaa. Mimi nilikuwa nasimama mbele ya darasa nikitafuta mahali pa kuanzia. Mama alikuwa asistanti wa biolojia kwenye chuo kikuu kimoja pale mjini, na kazi yake, ile aliyoipenda kwa moyo wote, ilikuwa kutafuta buibui wanaoishi ndani ya ardhi. Ukisema anatafuta wadudu, anakukatiza: buibui si mdudu, mdudu ana miguu sita. Alinikatiza hivyo mbele ya wageni, mbele ya padri, na siku moja katikati ya sala ya chakula, kwa sababu nilimwomba Mungu abariki ugali na wadudu wa Mama. Papa aliuza vipuri vya pikipiki, mikono yake ilinuka grisi. Ya Mama ilinuka alkoli. Mimi, Masika, binti wa kwanza, nilikuwa katikati yao nikiosha vyombo.

Huyu buibui ninayetaka kumsema alianza kutusumbua siku ya posa ya Tantine Kavira, mdogo wake Mama. Wakwe walikuwa wanatungoja Beni. Sisi tulikuwa tumelala kwa Mukaka, ndivyo tunavyomwita bibi kwa Kinande, ambaye alikuwa na shamba la kakao upande wa Eringeti, mahali ambapo msitu ulikuwa bado unaanza nyuma ya choo. Asubuhi tulitakiwa kushuka barabarani tukamate gari. Tulikuwa tumevaa nguo mpya. Mimi nilibeba beseni kubwa lenye maua, zawadi ya bibi arusi, na ndani yake vijiko vya kupakulia. Kwenye ukingo wa njia iendayo kijitoni Mama akasimama ghafla, hata nikamgonga na beseni mgongoni. Alikuwa ameona kipande cha udongo kinainuka na kushuka, kama mfuniko wa sufuria inayoanza kuchemka.

Akanyoosha mkono nyuma bila kunitazama. Alitaka kijiko. Nikampa kijiko cha bibi arusi, naye akapiga magoti na nguo yake mpya, akaanza kuchimba.

Mukaka alivumilia kidogo. Halafu akauliza, kwa sauti ya mtu ambaye swali hilo ameliuliza maisha yake yote: "Unachimba nini tena? Batu banatungoja ku Beni."

"Mama, kidogo tu."

"Kidogo yako njo hii tangu ulizaliwa."

Nilitegemea kwamba kitu kinachomfanya mtu mzima apige magoti kwenye matope siku ya posa kitakuwa na uzuri fulani. Hakikuwa nao. Kilikuwa cheusi kinachoelekea kahawia, kinene, kichwa laini kama kiatu kilichopakwa rangi, miguu mifupi kama ya mtu asiye na mpango wa kwenda popote. Mama alinionyesha macho yake kwa ncha ya unyasi. Mawili yalikuwa mbele kabisa, karibu na meno, na mengine sita yamerundikana nyuma, kana kwamba aliyekuwa anayapanga aliitwa katikati ya kazi akasahau kurudi. Mukaka alisema kitu kama hicho hata kuku hawezi kukila, na kwamba amemsomesha binti yake mpaka mwisho ili aje achimbe chini kama nguruwe.

Pembeni palikuwa na mashimo mengine, akayachimba yote. Buibui wakubwa aliwatia ndani ya chupa zake ndogo alizotembea nazo. Mmoja, aliyekuwa mdogo kuliko wote, alimtoa pamoja na shimo lake zima, donge la udongo na mfuniko wake juu, akaongeza udongo mwingine wa pale pale pembeni ili donge lisivunjike. Alimweka ndani ya beseni la maua. Vijiko nilibeba mkononi.

Tulifika Beni wakwe wamekwisha kula. Tantine Kavira alimwona dada yake anaingia na matope magotini, kisha akaliona beseni lake limejaa udongo. Hakusema kitu mbele ya wageni. Alikuja kusema baadaye, na anaendelea kusema mpaka leo.

Tangu siku ile nyumbani hapakuwa na habari nyingine. Mama alikuwa akimwambia Papa kwa Kifaransa kwamba huenda amepata nouvelle espèce. Sasa nyinyi mnajua, kwetu sisi watoto neno espèce lilikuwa na kazi moja tu: ndilo lililofungua tusi. Mwalimu akikasirika anasema espèce ya mjinga, espèce ya mvivu. Kwa hiyo nilielewa kwamba Mama, kwa elimu yake yote, amevumbua tusi jipya, na kwamba tusi hilo ni zito kiasi cha kutakiwa lipelekwe Ulaya likachunguzwe. Nikaliweka akiba. Siku msichana mmoja aliponimwagia uji kwenye sare, nilimtazama machoni nikamwambia polepole: wewe ni nouvelle espèce. Akalia machozi ya kweli. Mwalimu naye hakujua maana yake, lakini alijua tusi anapolisikia, akanipigisha magoti juani mpaka kengele.

Mama aliitwa shuleni. Badala ya kuomba radhi kama wazazi wengine, alisimama pale akamweleza mwalimu buibui wake, macho, meno, mfuniko, yote, nami nikatamani kurudi kupiga magoti juani. Njiani alinikasirikia, lakini si kwa sababu ya tusi. Alikasirika kwamba sikuelewa.

"Espèce si matusi. Ni jamaa ya vitu vyenye kufanana, vyenye kuzaana."

Nikamwuliza, kama ni jamaa mpya, walifika lini na walitoka wapi. Lilikuwa swali la kawaida. Kila mtu mjini alikuwa akiuliza hivyo kuhusu kila mtu.

"Habakutoka fasi yoyote," Mama akasema. "Bako pale tangu zamani. Sisi njo tulichelewa."

Yule wa kwenye beseni Papa alimpa jina Madame, kwa sababu hatoki, hapiki, na chakula analetewa. Aliyemletea chakula ni mimi. Wenzangu walipotoka shule walikwenda kuruka kamba. Mimi nilikwenda nyuma ya jikoni na kopo la maziwa kukamata mende. Ukimwachia mende juu ya udongo, unakaa unangoja, hakuna kitu, unaanza kufikiri Madame amekufa na umepata uhuru wako. Mara mfuniko unafunguka, kitu cheusi kinatoka nusu, mende hayupo tena, mfuniko umefungwa, na udongo umelala pale kama hakuna aliyewahi kuugusa. Hata asante. Nilikuwa namchukia. Beseni lilikaa chumbani kwangu, chini ya dirisha, kwa sababu Papa alikataa likae chumbani kwao.

Mama alikuwa akienda saiba, kwenye duka la intaneti, kutuma picha kwa mzee mmoja wa Ulaya, mtaalamu wa buibui wa aina ile. Picha moja ilichukua mchana mzima kupanda, na umeme ukikatika ikabidi aanze upya. Alirudi amechoka, anasema amepoteza siku, na kesho yake anakwenda tena. Jibu lilipofika, alilisoma amesimama mlangoni. Mzee alisema hajawahi kuona buibui kama huyu. Alisema pia kwamba hawezi kuthibitisha kitu, kwa sababu majike wa jamaa ile wanafanana mno. Tofauti iko kwa dume, kwenye viungo viwili vidogo vya mbele ambavyo dume anavitumia kupandia. Bila dume hakuna jina.

Mimi nilikuwa nimetoka kuona posa ya Tantine Kavira, nilikuwa nimesikia wazee wanavyozungumza. Nikaelewa vizuri kabisa: Madame hawezi kupata jina mpaka apate mume. Kwa mara ya kwanza nilimhurumia. Kwa muda fulani nilimchagulia mende wanene. Nilimwuliza Mama kama mume akipatikana kutakuwa na misa, akanitazama kama mtu anayehesabu karo ya shule.

Papa yeye alikuwa na maoni yake. Jioni moja, sisi sote tukiwa chini na sahani zetu, Mama mezani na kioo chake cha kukuza, alimwambia: "Dume niko hapa tangu zamani. Ni miguu tu inanipunguka, njo maana hauniangalie."

Mama alisogeza kioo karibu na mguu wa buibui. Sidhani kama alisikia.

Madume wa buibui hao hutoka mashimoni wakati wa mvua tu, wakiwa wamekomaa, wanatembea kutafuta majike, na hawaishi sana baada ya hapo. Kwa hiyo Mama alirudi shambani akafukia vikombe vya plastiki ardhini, mdomo wa kikombe usawa wa udongo, ili dume akipita atumbukie. Halafu akamweka Mukaka kuwa msimamizi wa vikombe. Kila Jumapili baada ya misa Mukaka alipanda mahali penye mtandao akampigia Mama, na kila Jumapili walianza kwa salamu na kumaliza kwa ugomvi. Vikombe vimejaa maji na vyura, Mukaka anasema. Kikombe kimoja amekitumia kupimia chumvi. Yeye ni mwanamke mzima, ana kakao za kukausha, hawezi kuonekana na majirani akiinama njiani kuchungulia vikombe. Mama alikata simu akisema mama yake anamharibia kazi kwa makusudi. Nami nina hakika upande wa pili Mukaka alikuwa akisema binti yake amerogwa.

Halafu kule juu, upande wa Eringeti, kukaharibika. Watu wakaanza kuuawa mashambani. Nyinyi mnajua, sina haja ya kueleza, na sina nguvu ya kueleza. Kila siku habari zilifika na waendesha pikipiki waliopita dukani kwa Papa. Majirani wa Mukaka walikuwa wakihama. Yeye alikataa. Kakao zimeiva, alisema, nani atazichuma? Mama alimpigia simu asubuhi na mchana, alimwomba, alimgombeza, alimtisha, alimpa Papa naye amwombe. Simu ikawa inaita bila kupokelewa. Halafu ikawa haiiti kabisa, na Mama akaacha kukaa mezani. Alikuwa akizunguka nyumba na simu mkononi kama mtu anayetafuta mahali pa kuiweka.

Siku Tantine Kavira alipopiga kutoka Beni, sote tulikuwa sebuleni, na sauti yake ilitufikia kutoka kwenye simu. Alisema Mukaka amefika. Ametembea kwa miguu mpaka karibu na Oicha, kisha watu wakambeba kwenye lori la kusafirisha mbao. Miguu imevimba lakini ni mzima, anakunywa chai. Mama alikaa sakafuni. Alimshukuru Mungu kwa Kinande, kwa Kiswahili na kwa Kifaransa. Alilia mpaka Papa akamletea maji. Kisha akanyamaza, na simu bado iko sikioni, na tukasikia anauliza kwa sauti ndogo:

"Na bile bikombe?"

"Yaya, rudilia," Tantine akamwambia dada yake. "Sikusikia muzuri."

"Bikombe. Alikuwa ameangalia?"

Tantine Kavira alikata simu. Hakuongea na dada yake mpaka nguo zangu za shule zilipokuwa zimenikaa fupi. Papa alitoka nje akasimama kwenye barabara. Mimi nilikwenda chumbani nikakaa kitandani nikitazama beseni, na nikapanga mambo jinsi mtoto anavyoyapanga. Kama Mukaka anakuja baada ya buibui, mimi nitakuwa nimewekwa wapi? Nilifikiri labda baada ya mende.

Nilipokua nilimwuliza Mama juu ya siku ile. Nilikuwa nimekwisha kumwandalia majibu mazuri moyoni: kwamba alikuwa ameshtuka, kwamba mtu mwenye hofu hushika kitu kidogo kwa kuwa kile kikubwa hakishikiki. Alifikiri kidogo, akasema: "Nilikuwa nataka kujua bikombe." Basi. Huyo ndiye mama yangu. Ukimfungulia mlango wa kutokea, anaufunga, anabaki ndani.

Mukaka aliletwa Butembo miguu ilipopona. Alikuja na kitenge alichovaa na kingine alichojifunga kichwani, akapewa kitanda changu, nami nikalala mkekani, kati yake na Madame. Siku ya kwanza alizipita chupa za Mama zilizojaa kwenye kabati la sahani. Aliliona beseni, akauliza udongo ule ni wa wapi.

"Wa kwako, Mama," Mama akamjibu. "Wa kule ku njia ya mutoni."

Mukaka akainama akatia vidole ukingoni, mbali na mfuniko. Aliusaga udongo kati ya kidole na gumba, akaunusa, akapangusa mkono kwenye kitenge. Kesho yake asubuhi nilimkuta ameumwagilia maji kwa kikombe cha chai.

Hapo ndipo maisha yangu yalipoharibika kabisa. Mukaka alimwagilia asubuhi, Mama akirudi kutoka chuoni anakuta udongo umelowa anasema buibui ataoza. Mukaka anasema udongo ukikauka unakufa, kila mlimaji anajua. Baada ya muda nikaona vijani vyekundu vinachipua ukingoni mwa beseni. Mukaka alikuwa amepanda lengalenga, mchicha wetu. Mama alisimama mlangoni amebeba mkoba wake, akavitazama.

"Mama, ile si shamba."

"Basi ni nini?" Mukaka akauliza.

Mama aliniagiza ning'oe. Mukaka akaniambia nikigusa mboga yake nitamwona. Mmoja alinituma kutafuta mende, mwingine alinituma kutafuta samadi. Kila mmoja alinieleza kwa faragha ubaya wa mwenzake, na wote wawili walianza kwa maneno yale yale: wewe Masika una akili, wewe utanielewa. Sikuwaelewa. Nilikuwa msichana mdogo ninayelala chini. Papa alisema yeye anauza minyororo na plagi, mambo ya kilimo na mambo ya sayansi hayamhusu, akawa anachelewa dukani.

Halafu mvua zikaanza. Mchana mmoja ilikuwa zamu yetu kupokea shirika, wale kina mama wa mtaa wanaozunguka nyumba hadi nyumba kusali rozari. Mama alikuwa chuoni. Sebule ilijaa wanawake, mvua inapiga bati, Mukaka anaongoza kwa sababu alikuwa mkubwa kuliko wote. Mimi nilikuwa nimepiga magoti karibu na mlango wa chumba, na ndiyo maana nilikuwa wa kwanza kukiona. Kitu cheusi, chembamba kuliko Madame, miguu mirefu kuliko ya Madame, kilikuwa kinatoka chumbani kinatembea juu ya saruji, polepole, kikipapasa sakafu kama mtu aliyeingia nyumba ya watu gizani. Mbele ya uso wake kulikuwa na vitu viwili vilivyovimba kama ngumi.

Mwanamke mmoja alimwona. Akavua kandambili, bado midomo yake inasali. Mukaka akainuka. Alichukua kikombe cha bati kilichokuwa kando ya kiti chake, akamwaga chai iliyobaki mlangoni, akamfunika yule buibui. Kisha akakaa juu ya kigoda pale pale, guu lake moja kila upande wa kikombe, akaendelea na salamu aliyokuwa ameiacha. Wanawake wakaitikia utuombee. Hakuna aliyethubutu kuuliza, na rozari ilisaliwa mpaka mwisho na litania yake.

Nilikimbia kwenda kuangalia beseni. Mfuniko wa udongo ulikuwa wazi, shimo tupu, na kando yake ganda kavu la buibui, limepasuka. Nilifikiri mume amekuja kutoka msituni, amemla Madame, na sasa anatoroka.

Mama alirudi amelowa. Mukaka alikuwa bado amekaa pale. Alinyanyua miguu tu akamwonyesha kikombe. Mama alikiinua kidogo pembeni, akachungulia, akakirudisha. Aliketi sakafuni na nguo zake zinazochuruzika akaanza kucheka na kulia pamoja, na ilibidi Papa afike amwulize ndipo tukaelewa. Buibui dume akiwa mdogo anaishi shimoni kama jike na anafanana na jike. Anabadilika mara anapovua ganda la mwisho. Miaka ile yote tuliyokuwa tunatafuta dume kule kwenye hatari, dume alikuwa chumbani kwangu akila mende.

"Kumbe Madame ni Monsieur," Papa alisema, na kwa mara ya kwanza katika habari hii yote walicheka pamoja. Nami nilifurahi, nikifikiri mateso yamekwisha, sasa Mama ana dume, atampa jina, tutamrudisha kwenye beseni, na mimi nitapata kitanda.

Mama akaleta chupa ya alkoli.

Mukaka alimtazama anavyoifungua. "Hiyo ni ya nini?"

Mama akamweleza kwamba ili apewe jina lazima awekwe, apimwe, ahifadhiwe, ili yeyote atakayebisha aje amwone. Mukaka akarudisha mguu wake upande wa pili wa kikombe.

"Nilimufunika asikufe. Sasa weye unataka kumuua."

"Mama, atakufa tu. Habaishake siku mingi. Kama simuweke humu, hakuna mutu atajua kama alikuwako."

"Na miye?" Mukaka akasema. "Miye utaniweka mu nini?"

Mvua ilikuwa imepungua, nasi sote tukamsikia vizuri. Mama alishika kifuniko cha chupa kwa mkono mmoja na chupa kwa mwingine. Mwishowe Mama alifunga chupa, akairudisha kabatini, akaenda kubadili nguo.

Dume alikaa chini ya kikombe, halafu chini ya kichujio cha chai ili apate hewa. Mama alikuwa akipita na kumchungulia, akishika kichwa, akisema akifa vibaya miguu itajikunja na kazi yote itapotea. Mukaka alimsikia. Baada ya siku chache, alipokuwa anavaa kwenda kanisani, alisema bila kumgeukia mtu: "Fanya. Lakini nisione." Aliporudi, kichujio kilikuwa kimeoshwa kimetundikwa mahali pake. Alikwenda akamwagilia lengalenga yake, na jioni tulikula, Mama naye akala, na kwa kuwa meza ilikuwa tupu tulikaa mezani.

Mama alitaka kumpa buibui jina la Mukaka. Mukaka alikataa, akasema jina lake alipewa kwa ubatizo, si la kutembea na miguu nane. Kwa hiyo alipewa jina la kijito cha kule shambani, ambacho hakiko kwenye ramani yoyote niliyowahi kuona. Makala yenyewe, ile Mama aliyoandika ya kumtambulisha buibui, ilizunguka Ulaya hata tukaisahau. Ilirudi na masahihisho, ikaenda, ikarudi tena na masahihisho ya masahihisho. Mama alikuwa akigombana na watu ambao hajawahi kuwaona juu ya nywele za mguu wa buibui. Mukaka sasa hayupo, alikufa Butembo bila kurudi shambani kwake. Lakini makala ilipotoka alikuwa bado yupo, na kwa hilo namshukuru Mungu, ingawa namshukuru kwa shingo upande.

Mama alituita sebuleni mchana, hata Papa akafunga duka mapema. Ilikuwa imeandikwa kwa Kiingereza, naye akaitafsiri akisoma. Alisoma jina. Kisha akasoma mahali: mteremko wa udongo mwekundu, kando ya njia iendayo kijitoni, chini ya kakao zilizopandwa kati ya miti ya zamani ya msitu, katika shamba la, na hapo akataja jina la Mukaka lote, la ubatizo na la nyumbani.

"Bameandika ni shamba yangu?" Mukaka akauliza.

"Ndiyo, Mama."

"Ata sasa?"

"Ata sasa."

Mukaka alikaa na jambo hilo kidogo. Kisha akauliza kama wameandika pia yule mwenyewe alifia wapi. Mama akatafuta kwenye karatasi, akasema wameandika kwamba alikomaa Butembo, katika udongo uliotoka kule.

"Alikufia mu bukimbizi," Mukaka akasema. "Uandike vile."

Mama akamweleza kwamba kitu kikishachapishwa hakibadilishwi, na kwamba hata hivyo watu wa sayansi hawaandiki hivyo. Alianza kueleza sababu, akaiacha katikati.

"Basi soma mbele."

Mama akasoma mbele. Zilikuwa kurasa na kurasa za vipimo, mguu wa kwanza, paja, goti, muundi, mguu wa pili, paja, goti, muundi. Papa alisinzia. Mimi nilitamani kutoka nje nikavute hewa. Mukaka peke yake alibaki ameketi wima, mikono magotini, akisikiliza kila kipimo kama mtu anayeletewa habari za watu waliobaki kule, na Mama alipojaribu kuruka mistari ili amalize, alimwambia arudi nyuma, asome yote.